Bi Kijiko Hajaruhusiwa

Jumamosi hiyo, saa kumi alasiri, Tikisa alikuwa amesimama kwenye meza ya pembeni jikoni akikata ndimu, vile vipande vyembamba vya kupachika kwenye midomo ya glasi, mama yake alipoingia kwa mlango wa nyuma. Mama yake alikuwa amezikwa Jumatano. Akautundika mkoba wake kwenye msumari wake wa siku zote, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akazitazama sufuria zilivyopangwa, akaguna.

"Nani kaihamisha sufuria kubwa?"

"Ni mimi, mama," akajibu mpishi wa muda, baba mmoja mnene aliyeazimwa kutoka hotelini.

"Irudishe. Sufuria kubwa hukaa kushoto. Ukiiweka kulia utashinda unagongana na wenzako kama watu mliokosana."

Yule baba akairudisha kushoto. Supu ilikuwa imemshinda tangu mchana, na hakuwa mtu wa kuringia msaada. Akavuta ndoo ya viazi, akakaa kumenya.

"Shikamoo, Mama," Tikisa akasema.

"Marahaba. Zipunguze unene hizo ndimu. Hiyo siyo glasi unayopamba, hiyo ni glasi unayoizamisha."

Alikuwa amevaa lile gauni jeupe la mikono mirefu alilovalishwa na ndugu zake. Miguu ilikuwa mitupu, kwa sababu ndugu hao hao walibishania viatu, vyeusi au vya kahawia, mpaka jeneza likafungwa. Nyuma ya sikio alikuwa na udongo kidogo. Tikisa akautoa kwa ncha ya kitambaa kibichi, maana jikoni ni jikoni, akarudi kwenye ndimu zake.

Bi Kijiko alipata jina lake kwa kijiko kimoja cha mpini wa mbao alichokichomeka kwenye mfuko wa aproni. Alionja nacho kila kitu, hata chai ya mtu aliyesimama nayo mkononi. Siku hiyo alikichovya kwenye supu, akakipeleka mdomoni, akatulia kidogo kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.

"Sisikii kitu," akasema. Akamnyoshea binti yake kijiko. "Onja wewe."

"Chumvi bado kidogo."

Akatia chumvi. Kisha akaishika sufuria ya mafuta yaliyochemka kwa mikono mitupu, akaiepua, akaiweka kando. Vile vitambaa vya kushikia sufuria havikuwa na kazi tena. Mrefu, aliyekuwa akipeleka sahani mezani, akavikunja na kuvitia kwenye droo.

Watu wa mtaani waliiita nyumba ile Mezani. "Leo uko Mezani?" ndivyo walivyoulizana wafanyakazi. Haikuwa hoteli wala mgahawa, na hapakuwa na kibao. Ilikuwa nyumba ya Madam, yenye ukuta mrefu uliofunikwa na maua, na ndani mlikuwa na meza moja ndefu ya mbao nyeusi ambapo majirani wenye nafasi zao walikula pamoja kila Jumamosi jioni. Huwezi kuingia pale kwa kupiga hodi. Lazima mmoja akutaje, mwingine akukubali, na wote waliobaki wanyamaze wasikuseme kwa wiki nzima, na hilo la mwisho ndilo lililowashinda wengi.

Kazi ya Tikisa ilikuwa vinywaji. Alikuwa na kaunta ndogo ya shaba kwenye kona ya chumba cha kulia, na hapo ndipo wageni walipoanzia kabla ya kuketi. Alichanganya kokteli za kila rangi, za ndimu, za tangawizi, za maji ya waridi, na alivyolitikisa lile kopo lake la chuma ndivyo alivyobatizwa jina. Majirani wa kwao walimwita baamedi. Yeye aliwaambia baamedi anafungua chupa, mimi nazioanisha. Wageni waliongea mbele yake kama watu wanavyoongea mbele ya friji, kwa hiyo alijua nani kahama chumba na nani kahamiwa, na akifika nyumbani Mama Mdogo, mdogo wa mama yake, alikuwa amekwisha kuandaa chai na kiti. "Haya, mwaga," husema Mama Mdogo. "Usiruke hata kikohozi."

Mezani palikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza ilihusu mlango. Kati ya jiko na chumba cha kulia palikuwa na mlango wa kusukuma, umevishwa ngozi nene pande zote, ukijifunga wenyewe bila kelele. Sufuria ikianguka upande huu, upande ule hawasikii hata tetesi. Madam alipenda kusema, "Ya jikoni hayafiki mezani," na wageni walilipenda neno hilo wakalirudia majumbani mwao.

Ya pili ilihusu kuondoka. Hakuna mfanyakazi aliyevua aproni mpaka Madam mwenyewe asimame kwenye ule mlango wa ngozi na kusema, "Asanteni. Nendeni, tuonane Jumamosi." Hata kama masinki yamekauka na sakafu inang'aa, mtu hakai kitako wala hachukui mkoba. Bi Kijiko aliishika kanuni hiyo kwa miaka yake yote pale. Watu wengine wanajivunia watoto wao; yeye alijivunia kwamba hajawahi kuondoka Mezani bila ruhusa.

Jumamosi ya wiki iliyopita, supu ikiwa imeshaliwa na nyama imeshaliwa, alimwita Mrefu akamwambia mkono wa kushoto unamuuma mpaka kwenye taya na kifua kimekaza. Akamtuma kwa Madam aombe ruhusa aende. Mrefu akaenda, akainama sikioni kwa Madam. Madam hakugeuza uso kutoka kwa jirani yake wa kulia.

"Mwambie angoje kwanza. Wageni hawajala pudini."

Bi Kijiko akangoja. Alikaa kwenye stuli kando ya sinki, na hiyo peke yake ingetosha kumwambia mtu kuna jambo. Aliiunguza sukari ya pudini akiwa amekaa, akaimimina juu ya vibakuli akiwa amekaa. Upande wa pili wa ngozi, Tikisa alikuwa akimtikisia Daktari kokteli ya ndimu, ya tatu. Daktari alikuwa mtu wa moyo, si kwa upole, kwa kazi: alitibu mioyo katika hospitali ya watu wenye uwezo, na kiti chake kilikuwa cha kwanza ukitoka jikoni. Mrefu aliporudi kuchukua pudini alimkuta Bi Kijiko ameegemea ukuta, aproni imefungwa vizuri, kijiko mfukoni. Akarudi kumwambia Madam sikioni. Madam akafikiri.

"Pudini ziko tayari?"

"Ziko tayari."

"Basi zipeleke. Sukari ikipoa inakuwa ngumu."

Zikapelekwa. Watu walizisifu. Tikisa aliambiwa wageni walipokwisha kuvaa makoti.

Kwa hiyo Jumamosi hii, mama yake aliporudi kazini, Tikisa hakuuliza maswali. Alitoka na trei yake kwenda kwenye kaunta. Lakini sahani za supu zilipofika mezani, maongezi yalikatika. Mwanamke mmoja mwenye mkufu aliweka kijiko chini akafumba macho. Wakili, aliyesifika kwa kutosifu kitu, akaomba tena.

"Mpishi mpya?" akauliza Daktari.

"Yule yule," Madam akasema.

"Nilisikia alifariki."

"Ndiyo, alifariki," Madam akasema. "Lakini amekuja."

Daktari akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa treni imechelewa. Akamega mkate.

Baada ya pudini Madam akasimama mlangoni, akawaangalia Mrefu na yule baba wa hotelini na Tikisa. "Asanteni. Nendeni, tuonane Jumamosi." Bi Kijiko alikuwa kwenye stuli yake kando ya sinki, ameushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia. Macho ya Madam yaliruka pale alipokaa, yakatua kwenye kabati la vyombo. Mlango wa ngozi ukajifunga. Tikisa akamngoja mama yake avue aproni. Hakuvua.

"Mama, twende."

"Nenda wewe, mwanangu. Zima taa ukitoka."

Nyumbani Mama Mdogo alikuwa amekaa na wafiwa wenzake, maana msiba haujaisha, na nyumba ilikuwa imejaa pomoni mpaka watu wamekalia ndoo. Tikisa akamwaga yote bila kuruka kikohozi.

"Amekuja?" akauliza Mama Mdogo.

"Amekuja. Kapika supu."

"Na mkoba?"

"Alikuwa nao."

Mama Mdogo akachukua funguo kutoka kifuani, akafungua kabati alimoufungia mkoba wa marehemu. Kabati lilikuwa tupu. Akalifunga tena, akarudi kuketi, na sasa alikuwa amekasirika kweli kweli.

"Yaani mimi nimelala chini siku zote hizi, sauti imenikauka kwa kulia, hajaja hata kunipa pole! Kaenda kazini! Hivi huyu dada yangu alizaliwa na mama yangu au na yule Madam?"

"Pengine aliogopa kuchelewa," akasema jirani mmoja.

"Amekufa! Anachelewa wapi?"

Watu wakacheka, wakajisahihisha, wakacheka tena. Lakini Mama Mdogo alikuwa amejifuta uso kwa kanga na hakucheka. Alipopata upenyo alimvuta Tikisa chumbani.

"Sikiliza. Mtu akizikwa halafu akaamka, kuna kitu kimemshika shati. Muulize ni nini. Tumpe, alale. Mimi siwezi kuwa na dada anayesimama usiku na mchana."

Asubuhi yake walikwenda makaburini. Kaburi lilikuwa limebonyea katikati, na maua yameangukia upande mmoja. Mlinzi wa makaburi aliwalalamikia. Alisema anajaza udongo na udongo unashuka, na kwamba kaburi lile ni kama kitanda cha mtu asiyetandika.

"Mwambieni basi akae," akasema mlinzi. "Mimi nina koleo moja tu."

Jumamosi iliyofuata Tikisa alimuuliza mama yake waziwazi, huku akikamua machungwa.

"Mama, unataka nini?"

"Nataka yule mnene aache kukoroga maziwa kama anapiga kasia."

"Kwa nini hulali, Mama?"

Bi Kijiko akapangusa kijiko kwa aproni. "Sijaruhusiwa," akasema. "Niliomba ruhusa, nikaambiwa ningoje. Nangoja."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayeeleza basi linapita saa ngapi. Kisha akageukia samaki, akawasafisha kwa vidole ambavyo sasa vilikuwa baridi kuliko marumaru, na unga wa maandazi haukumwia tena laini mikononi wala kunata. Ule mkono wa kushoto ulipoanza kumuuma, jioni, wakati ule ule wa pudini, alikaa kwenye stuli akaunguza sukari. Uliuma kila Jumamosi. Hilo Tikisa alikuwa hajalijua, na alipolijua kopo lilimteleza mkononi, mara ya kwanza tangu aanze kazi.

Neno lenyewe lilikuwa moja. Nenda. Tikisa alifikiri halimgharimu mtu kitu.

Alimfuata Madam katikati ya wiki, akamkuta bustanini akipunguza matawi kwa mkasi mdogo. Akamwamkia, akauliza habari za miguu ya Madam iliyokuwa ikivimba, ndipo akasema alichokijia: mama anaomba aruhusiwe.

"Kwani analalamika?" Madam akauliza.

"Halalamiki."

"Kuna aliyemfungia?"

"Hapana, Madam."

"Mlango wa nyuma uko wazi?"

"Uko wazi."

"Sasa mimi nimruhusu nini, mwanangu?" Akakata tawi. "Mama yako anapenda kazi yake. Wewe mwenyewe ni shahidi. Watu wanaoomba kuingia Mezani siku hizi ni wengi mpaka nimeongeza viti. Kama mtu ana furaha, tumwache."

Haikuwa roho mbaya tupu. Tikisa alikuja kusikia sababu yake Jumamosi kwenye kaunta, Wakili alipomsogelea Madam wakiwa na glasi zao za waridi mkononi, hatua mbili kutoka kwa friji inayotikisa kopo.

"Usiseme," Wakili alimwambia Madam kwa sauti ya chini. "Ukimwambia aende, umekubali kwamba ulimzuia. Leo ni mpishi, kesho ni ndugu zake wako mlangoni. Ukinyamaza, yeye ni mama tu anayependa jiko."

"Lakini ananitazama."

"Usimwangalie."

"Ndimu iongeze kidogo, dada," Wakili akamgeukia Tikisa, akanyosha glasi. Tikisa akaongeza ndimu.

Alipomweleza Mama Mdogo, Mama Mdogo aliweka kikombe chini. Kisha akauliza, "Yule daktari wa moyo hukaa kiti gani?"

"Cha kwanza, ukitoka jikoni."

"Na siku ile alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alikunywa tatu za ndimu."

"Kiti cha kwanza," Mama Mdogo akasema. "Na ngozi katikati." Akaivua kanga yake begani, akaikunja, akaifunua, akaikunja tena. "Huo mlango, mwanangu, hauwezi kuachwa wazi?"

Unaweza. Jumamosi iliyofuata pudini zilipokaribia, Tikisa aliacha kaunta yake, akaingia jikoni, akachukua kreti la chupa tupu za soda. Akausukuma mlango wa ngozi mpaka mwisho, akalikita kreti mbele yake. Mrefu aliona akasema, "Tikisa, kazi unaitaka au huitaki?" Lakini hakuliondoa kreti. Yule baba wa hotelini akageuza kiti chake upande wa ukuta akaendelea kumenya, ili awe hajaona.

Mara ya kwanza tangu nyumba ile ijengwe, mezani waliisikia sinki. Walisikia mafuta yakilia na sahani zikigongana, na watu waliokuwa wakinong'onezana mambo ya faragha wakagundua wanapiga kelele. Vichwa viligeuka kimoja kimoja. Pale kwenye mwanga mweupe wa jikoni alikaa mwanamke aliyevaa gauni la kuzikiwa na aproni juu yake, anamimina sukari ya moto kwenye vibakuli kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameubana kifuani, na jasho halimtoki kwa sababu hana tena.

"Funga mlango," Madam akamwambia Mrefu.

"Umekwama, Madam," Mrefu akasema, na yeye mwenyewe akashangaa alivyolisema kirahisi.

Daktari aliweka kitambaa chake juu ya meza, akasimama. Kutoka kiti chake mpaka stuli ya Bi Kijiko ulikuwa ni mwendo wa kuvuka chumba cha kulala. Akainama, akamshika kifundo cha mkono, akatazama saa yake. Akangoja muda unaostahili, kwa kuwa alisomea. Akamuuliza maumivu yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Bi Kijiko akamwonyesha: hapa, mpaka hapa, mpaka kwenye taya.

"Yalianza lini?"

"Ile Jumamosi ya nyama ya kondoo."

Daktari akafikiri. "Nyama ya kondoo," akasema. "Nilikuwepo."

"Ulikuwepo, baba. Sahani yako ilirudi safi."

Daktari akamrudishia mkono wake taratibu mapajani. Akageukia meza, na alizungumza kwa ile sauti madaktari wanayotumia na ndugu wa mgonjwa kwenye korido.

"Ni moyo. Huu ulikuwa wa kutibika. Nilikuwa na dawa ya kuanzia kwenye gari. Angeniita tu."

Mwanamke wa mkufu alikuwa akilia, kidogo, kwa namna isiyoharibu wanja. Tikisa alisimama kando ya kreti na mikono yake haikuwa na kitu cha kutikisa. Alikuwa akimtazama Daktari. Alidhani mtu akishasema jambo kama lile hawezi kurudi kuketi. Daktari akanawa mikono kwenye sinki, akapewa kitambaa, akarudi kuketi.

"Ningeomba ile ya ndimu nyingine," akasema. "Isiyo tamu sana."

Hapo ndipo mtu mmoja, pengine kwa kutojua afanye nini na mikono yake, alianza kupiga makofi. Wa pili akafuata. Kisha meza nzima ikampigia mpishi makofi, wengine wamesimama, kwa supu na kwa samaki na kwa Jumamosi zote hizo. Bi Kijiko aliwainamia kidogo kutoka kwenye stuli. Makofi yalipokwisha kimya kilikuwa kibaya zaidi. Pudini zilikuwa zinapoa, na kila mtu alikuwa akizisikia zinavyopoa.

"Mwambie aende," mwanamke wa mkufu akasema. "Jamani, si useme tu, tule."

Wakili akatazama dari. Madam akasimama. Alitembea mpaka kwenye mlango wa ngozi, na kwa mara ya kwanza tangu yale mazishi, ambayo alituma shada lakini hakwenda, alimtazama mpishi wake usoni. Tikisa aliona kwamba anaogopa, na kwamba si maiti anayoiogopa, ni ile sentensi. Basi akaisema kama alivyoizoea, yote kwa pumzi moja, kama mtu anayemeza kidonge.

"Asante, mpishi. Nenda, tuonane Jumamosi."

Bi Kijiko akashusha pumzi aliyokuwa hana. Mkono wa kushoto ukamlegea, akaukunja na kuukunjua kama mtu aliyevuliwa plasta. Akavua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya stuli na kijiko juu yake. Akachukua mkoba.

"Sukari iko tayari," akamwambia Mrefu. "Peleka kabla haijawa ngumu."

Akambusu binti yake kwenye paji la uso, busu baridi lenye harufu ya udongo na vanila, akatoka kwa mlango wa nyuma na miguu yake mitupu. Tikisa alimsikiliza mpaka changarawe ziliponyamaza. Mrefu akaondoa kreti. Mlango wa ngozi ukajifunga bila kelele, na upande ule wakaanza kula.

Wiki hiyo kaburi lilikaa sawa kama meza. Mlinzi wa makaburi alimpigia Mama Mdogo simu mwenyewe kumpa hongera. Mama Mdogo akapika sufuria tatu, akaita mtaa mzima, na nyumba ikajaa mpaka watu wakala wamesimama uani na vichwa vimeingizwa madirishani. Tikisa alisimulia yote tangu mwanzo, na alipofika kwa Daktari kuomba ya ndimu walimlaani kwa pamoja, na alipofika kwa Madam kusema nenda walipiga vigelegele. Mkoba ulikuwa umerudi kabatini. Mama Mdogo alimwonyesha kila aliyetaka kuuona. Wakati wa kulala akamshika Tikisa mkono.

"Umetimiza wajibu wa mtoto, mwanangu. Amelala sasa."

Usingizi uliomchukua Tikisa wiki ile ulikuwa mzito kama blanketi lililolowa mvua.

Jumamosi, saa kumi alasiri, alikuwa amesimama kwenye meza ya pembeni akikata ndimu. Fundi alikuwa amekuja katikati ya wiki, na mlango wa ngozi ulikuwa na springi mpya, ya chuma kinene, isiyoweza kuzuiwa na kreti. Kando ya kaunta ya shaba viti viwili vilikuwa vimeongezwa. Mlango wa nyuma ukafunguka. Bi Kijiko akautundika mkoba wake kwenye msumari, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaivaa aproni.

Tikisa aliweka kisu chini.

"Mama. Si alikuambia uende?"

"Nilikwenda."

"Sasa?"

"Aliniambia tuonane Jumamosi." Bi Kijiko akatazama sufuria kubwa kama iko kushoto. Ilikuwa kushoto. "Mbona alisema mbele ya watu wote."

"Ungekataa, Mama. Ungelala tu. Angekufanya nini?"

Bi Kijiko akamwangalia binti yake, ile aproni yake iliyopigwa pasi, zile ndimu zilizokatwa vyembamba kama alivyofundishwa. Hakukasirika, wala hakutania.

"Na wewe," akauliza, "mbona umekuja?"

Upande wa pili wa ngozi, gari la kwanza lilikuwa limefika; Tikisa alijua kwa saa tu, maana hakuna lililosikika. Supu ikaanza kuchemka. Bi Kijiko akakichovya kijiko, akakipeleka mdomoni, akatulia, kisha akamnyoshea.

"Onja."

Tikisa akaonja.

"Imekolea," akasema, akachukua kisu, akaendelea na ndimu.